Friji Iliyolia Pale Kabuku

Juma lililopita tulimzika Korogwe fundi mmoja ambaye wengi wenu hamkupata kumsikia, ingawa wapo watu katika nchi zenye theluji waliokuwa wakimjua hadi jina la mbuzi wake. Habari ilinifikia asubuhi nikiwa napiga mswaki. Bintiye alinipigia simu, akaniamkia kama ilivyo ada, akaniuliza hali ya nyumbani, ndipo akasema, "Mwalimu, baba ametutoka." Nikakaa kwenye ngazi ya uani na povu mdomoni, nikalia kidogo. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeikumbuka friji. Njia nzima kwenda msibani nilikuwa nahofia kwamba nitacheka tena mbele za watu na kuonekana sina adabu. Nilipofika nikakuta turubai zima linacheka, mjane akiwamo, maana shemeji yake alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye kisa hicho hicho. Nikaketi, nikangoja zamu yangu ya kukisimulia upya.

Marehemu alikuwa mtoto wa mashamba ya mkonge. Babu yake alitoka mbali kuja kukata majani, akabaki, na yeye mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa mtunzaji wa korona, ile mashine kubwa inayokwangua jani la mkonge hadi zibaki nyuzi. Shamba lilipouzwa na korona ikanyamaza, alirudi nyumbani na sanduku la spana na mikono isiyojua kukaa bure. Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Kazi zilikuwa zinatoka kwa mlango wa nyuma na vitu vinaingia kwa mlango wa mbele: redio, pasi, feni, mafriji yaliyokwisha kutumiwa na Wazungu, kila kimoja kikija na ugonjwa wake. Korogwe nzima ikawa wodi ya vifaa, naye akawa daktari. Lakini alikuwa daktari wa namna yake. Ukimpelekea pasi haifungui kwanza. Atakuuliza ilikuwa inakaa wapi, nani alikuwa anaipenda, siku inazima mlikuwa mnapika nini. Wateja wenye haraka walikuwa wanaondoka na pasi zao. Wenye subira walikuwa wanaondoka na pasi zinazopata moto.

Mimi ndiye niliyempeleka intaneti, na dhambi zote zinazofuata ni zangu. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari, na mjini kilikuwa kimefunguliwa chumba cha kompyuta nne, mbili zikiwa zinafanya kazi. Siku moja nikamwonyesha baraza moja la mtandaoni ambamo mafundi wa nyumbani wa dunia nzima walikuwa wanaonyeshana walichotengeneza na kuulizana walichoshindwa. Mmoja ametengeneza redio ndani ya kopo la biskuti, mwingine ameunganisha baiskeli na kinu. Ukiuliza swali leo, kesho unakuta watu watano wamejibu. Aliitazama ile kompyuta kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama watu hawa wanauza haya wanayoyasema. Nikamwambia hawauzi. Akasema, "Basi hao ni ndugu." Tangu hapo kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuwa ananijia akiwa amevaa shati la kunyoosha, tunakwenda kuwatembelea ndugu.

Yeye hakujua Kiingereza, kwa hiyo kazi ikagawanyika hivi: yeye anasema, mimi naandika, majibu yakija mimi nasoma na kumgeuzia. Tatizo lilikuwa salamu. Fundi wetu hakuweza kuuliza swali la waya mmoja bila kwanza kusalimu ukoo. Shikamooni wakubwa, hamjamboni wadogo, habari za huko, mvua zimenyesha, huku sisi tunashukuru, mbuzi amezaa mapacha, mama watoto mguu umepona, jirani ameezua paa, na mengine mengi, hadi anapofika kwenye swali mimi mkono umekufa ganzi. Nami nilikuwa kijana niliyejiona nimeelimika. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba Mzungu hana muda na mapacha wa mbuzi. Kwa hiyo nilikuwa naitikia kwa kichwa, nagonga gonga vibonye ili aone naandika, kumbe naandika swali tu, mistari miwili. Na kwa kuwa majibu nayo yalikuja makavu, na yeye alikuwa ananikazia macho akingoja kusikia wameitikiaje, nikaanza kuwatungia salamu. Kulikuwa na mmoja hodari wa mambo ya ufugaji, anayekaa nchi ya baridi kali. Huyo nilimpa mke. Nikampa na mbuzi watatu. Siku moja nilipokosa la kusema, nikamwambia fundi kwamba mke wa yule bwana ana homa. Mwezi mzima fundi alikuwa ananiuliza kama yule mama amepata nafuu.

Sasa ndipo akaja mama mmoja wa Kimasai kutoka Mazingara. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao, na mumewe alikuwa ameamua kwamba mwezi ukiandama watahama kwenda kusini kuchunga ng'ombe za watu. Watoto wawili waliokuwa shuleni wangeacha. Mama yule hakutaka. Alikuwa amesikia kwamba Korogwe kuna fundi ambaye anaweza kuyafanya mayai yatotolewe bila kuku. Akambadilisha mbuzi wake wa mwisho wa maziwa kwa mayai arobaini na nane, akayafunga kwenye pumba ndani ya ndoo mbili, akaja nayo hadi uani kwa fundi. Kule kwao walimcheka. Mumewe alimwambia kuku ni ndege tu, lakini akamwahidi mbele ya ndugu zake: akiona ndege hao wakitotolewa kwa macho yake, au wakishuhudiwa na watu wasio na undugu na mkewe, atakaa mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo mama alikuwa na sharti. Mayai yalelewe Korogwe, lakini vifaranga watoke wakiwa kwake Mazingara, watu wasije wakasema amewanunua sokoni.

Fundi hakuwa amewahi kutengeneza mashine ya kutotolesha maishani mwake. Hilo halikumzuia kusema ndiyo. Alikuwa na friji iliyokufa isiyo na mwenyewe. Akailaza chali, akatoboa matundu ya hewa, akaweka chemli chini katika sanduku la bati lenye bomba la kupeleka joto juu, akatundika kipimajoto. Mayai yakaingia. Kufika siku ya tatu akawa amechanganyikiwa: joto lilikuwa linapanda na kushuka bila mpango. Jumamosi tukaenda kwa ndugu. Akasalimu kwa kirefu kuliko siku zote, mimi nikagonga vibonye hewani, kisha nikaandika mistari yangu miwili: friji, chemli, joto halitulii, tufanyeje. Yule wa nchi ya baridi akajibu upesi, tena vizuri. Zibeni matundu nusu, ongezeni utambi, joto lisipotee. Nikamsomea fundi, nikaongeza kwamba mkewe amepona kabisa na anasalimu. Akafurahi mno.

Kesho yake saa nane mchana alinitumia mtu mbio. Nilipofika nikamkuta ameifungua friji, joto limetoka kama mvuke wa chungu cha maharage, na yule mama amepiga magoti kando, anayapepea mayai kwa ncha ya shuka. Chumba chenyewe kilikuwa cha bati juu hadi chini, hakina dari, na bati lilikuwa linapasuka milio kwa jua. Hata mimi niliyesimama mlangoni nilikuwa naiva. Tulipoyamulika mayai kwa tochi, kumi na moja yalikuwa yamekufa. Fundi akaketi juu ya ndoo. Hakukasirikia nchi ya baridi. Alisema tu kwamba haelewi, maana mtu aliyeambiwa yote aliyowaambia hawezi kutoa ushauri wa namna ile. Kisha akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "mambo ya bati uliwaambia?"

Nikamwambia bati halikuwamo kwenye swali. Akasema ni kweli, lilikuwamo kwenye salamu. Alikuwa amewaeleza kwamba huku jua ni kali, bati linalia mchana kutwa, usiku unaingia ubaridi wa milimani, na mama watoto amehamisha unga kutoka chumba hiki kwa sababu umeanza kufanya madonge ya joto. Mimi nilikuwa nasikia gumzo, kumbe mwenzangu alikuwa anatoa vipimo. Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikakiri mbele yake, mbele ya mkewe na mbele ya yule mama wa Mazingara, kwamba sijawahi kutafsiri salamu hata moja. Nikakiri na salamu za kurudi kwamba nilikuwa nazitunga. Nilitaka ardhi ipasuke. Fundi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Kwa hiyo yule mama hakuwa na homa?" Nikamwambia hata mama mwenyewe hakuwapo. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Yule mama wa Mazingara hakucheka. Alisimama, akafunga shuka, akaniambia, "Twende kwenye hiyo mashine yako, usalimie."

Tukaenda wote watatu. Fundi akasema, nikaandika neno kwa neno, hadi mapacha wa mbuzi, hadi mguu wa mkewe. Umeme ukakatika tukiwa karibu kumaliza, kila kitu kikapotea. Uliporudi nikamsihi tuanzie pale tulipoishia; akakataa, akaanza mwanzo, na akaongeza kwamba sasa umeme ulikuwa umekatika ila umerudi, tunashukuru. Nikaandika na hilo. Kesho yake tulipofungua tulikuta majibu ya kushuka hadi chini ya meza. Mmoja alikuwa anauliza majina ya wale mapacha. Mwingine alisema mama yake ameteleza kwenye barafu, hajawahi kumwambia mtu yeyote pale barazani kwa miaka minne kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Na yule hodari wa nchi ya baridi akajitambulisha vizuri: alikuwa bibi kizee mfuga bata, hajaolewa kamwe na hana haja. Nilipomtafsiria fundi, akanitazama kwa huruma akasema, "Ulimwoza bibi wa watu mke." Bibi yule aliomba radhi kwa mayai kumi na moja utadhani ni yeye aliyekosa. Akasema tuitoe friji kwenye bati leo leo, tuipeleke chumba cha udongo na nyasi, na tupange ndani chupa za maji ya uvuguvugu, maana maji hupokea joto polepole na kulirudisha polepole, usiku na mchana.

Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na shida moja ambayo bibi wa bata asingeweza kuijua. Chumba cha udongo kilikuwa kimoja tu pale uani, na kilikuwa na mgeni: mama mkwe wa fundi, aliyeshuka kutoka Lutindi kuja kuwatembelea. Kwa desturi za kwetu mwanamume haingii anapolala mama mkwe wake hata nyumba ikiungua. Friji ikaingizwa na wanawake. Kuanzia hapo fundi mkuu wa mashine akawa ni mama mkwe, na fundi wetu akawa anasimama nje, ameupa mlango mgongo kwa heshima, anapaza sauti kuuliza kipimajoto kinasemaje. Mama mkwe hakukijali kipimajoto. Alikuwa anachukua yai, analigusisha kwenye kope la jicho, anasema limetulia au linalalamika. Ukilinganisha na kile kipimajoto, alikuwa hakosei. Yai aliligeuza asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila Jumamosi taarifa zikaenda barazani kwamba mama mkwe hajambo, anasalimu, kope linasema joto ni sawa. Watu wazima wenye ndevu katika nchi za mbali wakaanza kufungua maswali yao kwa kuulizia afya ya mama mkwe wa Korogwe. Mmoja aliyetaka kurekebisha saa ya ukutani alianza na habari za mvua ya kwao, paka wake, na goti lake. Nilikaa kwenye kiti kile cha kuyumba nikaona raha isiyo na kifani.

Tulipanga kusafiri siku ya kumi na nane. Mwenye pikapu akatuzungusha hadi siku ya ishirini. Tukaipakia friji juu ya magunia ya pumba, chemli inawaka, chupa ndani, mama wa Mazingara kaikumbatia kama mgonjwa, fundi kashikilia utambi, mimi nimekaa kwenye gurudumu la akiba nikisali. Tulipita Segera salama. Kabuku gurudumu la nyuma likapiga kelele na kukaa chini, na hapo ndipo nilipojua kwamba la akiba nililokuwa nalikalia nalo lilikuwa na pancha tangu juma lile. Dereva akalibeba kwenda kuzibisha. Tukakaa kando ya barabara. Kama nusu saa hivi ikapita, ndipo mwuza machungwa mmoja akasogea, akatega sikio, akamuuliza fundi kwa upole sana kama anajua kwamba friji yake inalia.

Ilikuwa inalia kweli. Vifaranga walikuwa wameanza kujitoboa, hawajui Mazingara wala masharti ya mtu. Mama yule alishika kichwa. Alikuwa ameahidi nyumbani kwake, na sasa ahadi ilikuwa inamwagikia barabarani. Basi la abiria lilikuwa limesimama kununua machungwa. Abiria wakashuka, wakazunguka. Fundi akafungua mlango wa friji kidogo ili joto lisikimbie, watu wakachungulia mmoja mmoja kwa foleni, nami nikajikuta napanga foleni kama mwalimu wa zamu. Padri aliyekuwa safarini alichungulia, akafuata shehe, kisha askari wa barabarani aliyekuja kuuliza kwa nini tumeziba njia akabaki kuulizia utambi. Hapo mama wa Mazingara akapata akili ambayo sisi wawili tuliosoma na kutengeneza hatukuwa nayo. Alipanda juu ya magunia, akawaamkia wazee wote waliokuwapo, akawauliza abiria kama yupo mwenye undugu naye. Hakuna aliyekuwa na undugu naye.

"Basi ninyi ndio niliokuwa nawatafuta," akasema. "Nani anaelekea Mazingara?"

Wawili walikuwa wanateremkia huko huko. Wakapanda pikapu yetu, wakaacha basi lao liende, kwa furaha tupu. Tulifika jioni na vifaranga ishirini na tisa na mashahidi wawili waliokuwa wanasema kwa pamoja. Mume aliwasikiliza hadi mwisho, akainama juu ya friji, akanyoosha kidole, kifaranga mmoja akakidonoa. Akacheka. Mwaka ule hawakuhama, wala uliofuata. Watoto waliendelea na shule.

Nimeifikiria sana miaka ile. Kila kitu kilikuwa kinapata bei, hata vile ambavyo zamani uliombana na jirani ukutani, na sote tulikuwa tunafundishana haraka: sema shida yako, maliza, mpishe mwenzako. Nami nilikuwa mwanafunzi bora wa somo hilo. Fundi hakulielewa kabisa. Kwake, ukimuuliza mtu mvua na watoto na paa la nyumba, tayari umeanza kutengeneza, maana kitu hakiharibikii hewani. Kinaharibikia kwenye nyumba fulani, chini ya jua fulani, karibu na watu fulani. Wale wageni wa barazani walilitambua hilo siku ya kwanza walipopewa nafasi. Aliyekuwa anawaficha ni mimi, mtoto wa hapa hapa.

Sasa nimalizie kwa jambo ambalo sikulisema pale msibani. Siku nne kabla ya kifo chake fundi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika saba. Nilikuwa nahangaika na safu kama hii, muda umenibana. Nikasikiliza mwanzo, nikamsikia anaulizia hali ya nyumbani, nikausogeza hadi mwishoni ili nijue shida ni nini. Mwishoni alikuwa anasema, "Basi mwalimu, ni hayo tu." Nikaona hakuna shida, nikajiambia nitamjibu Jumapili. Niliporudi kutoka kumzika niliusikiliza wote. Aliniulizia mgongo wangu. Aliniulizia binti yangu na mitihani yake. Akaniambia mvua imewahi, kwamba juzi alipanda Lutindi kuwajulia hali wakwe zake, na kwamba njia ile ile aliyokuwa akiipanda bila kusimama, safari hii alikaa chini mara tatu, kifua kikimbana, jasho la baridi likimtoka, ila asubuhi aliamka vizuri, anashukuru. Kisha akaendelea na habari za mbuzi. Wasomaji wangu, mkipewa salamu zisikilizeni tangu mwanzo, na mkifika kwenye kifua simameni, mpige simu siku hiyo hiyo. Mimi niliruka.